Nyaya Mbili za Chumba cha Mama

Mdogo wangu mpendwa, Bi Haraka,

Pokea salamu kwanza kabla hujaanza kuruka mistari kutafuta habari, maana nakujua. Natumaini u mzima huko uliko, ule mgongo umepoa, na hiyo baridi unayoilalamikia kila siku imekuachia walau vidole vya kushikia kikombe. Sisi huku twashukuru. Wifi yako hajambo, na amenituma nikuambie kwamba ile blauzi uliyomletea imembana, lakini ataivaa hivyo hivyo. Wanangu, ambao ni wako pia, hawajambo, wanamaliza viatu utadhani wanavitafuna. Mama, kwa upande wa mwili, anakula na kulala vizuri. Mimi nipo. Nimechoka tu, na uchovu si ugonjwa. Ungekuwa ugonjwa mngeshanizika zamani.

Utajiuliza kaka yako ameingiwa na nini hata akakaa kuandika barua ndefu namna hii wakati simu ipo mfukoni. Kwanza, kwenye simu hunipi nafasi; nikifungua mdomo wewe umeshaimaliza sentensi yangu na kunipa na dawa yake. Halafu kuta za nyumba ile unazijua, mtu akikohoa jikoni anapewa pole chumbani. Kwa hiyo naandikia kazini, kwenye meza yangu, huku nikisubiri plasta ikauke kwenye kalibu. Leo natengeneza meno ya juu ya mzee mmoja ambaye seti yake ya kwanza ilimponyoka akipiga chafya, ikatumbukia chooni. Amenisihi safari hii nimpe yanayoshika. Nimemwambia meno nitayabana, chafya ni juu yake.

Nianze na mtandao, maana ndio ulioniuliza. Ujumbe wako wa mwisho ulisema kama picha imetulia na mnaweza kuongea na Mama kila jioni bila kukatika, basi huoni haja ya kuchukua likizo sasa, utaisogeza hadi mwakani mkataba ukiisha, na mwajiri wako anataka jibu kabla mwezi huu haujakwisha. Ukasema uamuzi unangoja ripoti yangu. Haya, ripoti ndiyo hii, ila nitaitoa kwa mwendo wangu, si kwa mwendo wako.

Hali ilivyokuwa unaifahamu, maana wewe ndiye uliyeing'amua ukiwa mbali wakati sisi tuliokaa ndani tulikuwa tunalaumu hali ya hewa. Ruta iko juu, kwa sababu waya wa mtandao kutoka barabarani unaingilia huko, na kando yake ndipo lilipo lile sanduku la diski ambamo wifi yako anahifadhi video za harusi za wateja wake. Chini kuna chumba chake cha kazi, na ukuta kwa ukuta kuna chumba cha Mama. Vyumba vyote viwili vilikuwa vinanyonya kupitia waya mmoja unaoshuka kwenye ngazi. Sasa jioni wewe unapiga, na jioni ndipo wifi yako anaposhusha mafaili yake ili awahi kuyakata na kuyaunga, na faili moja la harusi lina uzito wa bwana harusi, bibi harusi na wapambe wote. Hapo sura ya Mama inakatika vipande, sauti inakuja nusu, na Mama anagonga ukutani akimwomba mkwe wake awaachishe hao watu kucheza walau kidogo aongee na mwanawe.

Ukasema dawa ni kuongeza waya wa pili na kuzifunga zote mbili pamoja, ili swichi ya juu na swichi ya chini, vile visanduku vya kugawia mtandao, ziuone huo kama mlango mmoja mpana. Ukatuma swichi mbili mpya, hizo unazoziita zenye akili. Mama alizigeuza geuza mkononi, akacheka. Alisema miaka yote aliyokaa kwenye ubao wa simu pale hospitali, kuunganisha huyu na yule, hakuwahi kuona mazungumzo mamoja yakipewa nyaya mbili, labda ya mganga mkuu na mkewe, na hata hao walikuwa hawasikilizani. Tulicheka wote, na mimi nikaenda kuazima mashine ya kutoboa ukuta.

Kazi ile, dada, usiombe. Mimi mikono yangu imezoea vitu vidogo, jino, waya mwembamba, nta. Ukuta wa ngazi ni jambo jingine. Nilitoboa mahali nikakutana na chuma, nikahama nikakutana na bomba, nikahama tena. Vumbi lilishuka mpaka kwenye kamera za wifi yako, naye alisimama pale chini akiniangalia bila kusema neno, na unajua yule mtu akinyamaza ndipo uanze kuogopa. Mwisho waya ulipita. Nilipoona ncha yake inachungulia upande wa pili nilikaa kwenye ngazi nikapumua.

Kosa nililofanya baada ya hapo tayari ulinigombeza, kwa hiyo nalisimulia kwa ufupi. Nilizichomeka nyaya zote mbili juu na chini kabla sijaziambia swichi kwamba nyaya hizo ni kitu kimoja. Taa zote zikaanza kupepesa kwa pamoja kama zimepandwa na wazimu, na nyumba nzima ikakosa mtandao, mpaka mashine ya kuchapia ikanuna. Wewe ulinieleza kwamba kila ujumbe uliotoka kwa waya huu ulirudi kwa waya ule, ukatoka tena, ukarudi tena, mpaka njia ikajaa na hakuna kilichopita. Wifi yako alikuwa amemwahidi mteja video yake siku ile ile. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja na mimi nimeleta wa pili bila kumwuliza mwenye zizi. Ukaniagiza niuchomoe waya wa pili, nizipatanishe kwanza swichi zote mbili, ya juu ikubali na ya chini ikubali, ndipo niurudishe. Nikafanya hivyo, taa zikatulia.

Zikatulia, lakini picha ikabaki vile vile. Hapo nilikata tamaa kabisa, nikakuambia tuache. Ukanieleza kwa subira, jambo lililonishangaza, kwamba mazungumzo mamoja hayagawanyiki nusu kwa nusu. Kila moja hupewa waya wake na kubaki humo, na swichi ndiyo inayochagua. Kwa bahati mbaya harusi za wifi yako na simu yako zilikuwa zimepangwa kwenye waya mmoja, na waya ulionitoa jasho ukutani ulikuwa umekaa bure. Nilikaa kwenye ngazi na kompyuta magotini, wewe ukinielekeza sikioni, tukabadilisha namna swichi zinavyopanga. Harusi zikashika njia yake, wewe ukashika yako. Kidole kimoja kweli hakivunji chawa.

Jumapili yake ukapiga. Picha ilikuwa safi hata ukamwambia Mama hereni yake moja imepinda. Wifi yako alikuwa anashusha faili kubwa kwa makusudi ili tupime, na hakuna kilichotikisika. Watoto walipiga makofi. Mama alikuwa na kikombe chake cha chai, anakusimulia habari za jirani aliyepaka nyumba rangi mbaya, na wewe unacheka. Halafu Mama akanyamaza katikati ya neno, kikombe mkononi, macho kwako. Ukaita mara kadhaa. Ukasema imeganda tena. Ukasema kesho nikague swichi ya chini, ukakata.

Nilikagua. Swichi haikuwa na neno. Nyaya zote mbili zilikuwa zinafanya kazi, na wewe mwenyewe ukiingia kutoka huko unaweza kuona. Mtandao wa nyumba hii ni mzima, mdogo wangu. Haujawahi kuwa mzima namna hii.

Sasa nimepiga moyo konde, na wewe kaa chini kama umesimama. Mama anapotea. Ilianza kabla hujatuma hizo swichi. Mwanzoni alikuwa anasita tu katikati ya maneno, kisha anaendelea na habari nyingine, nasi tukasema ni utu uzima. Halafu siku moja nikamkuta ameshika rimoti ya televisheni sikioni, anamwomba mtu asubiri kidogo, wodi ya wazazi ina mtu kwenye laini. Alikuwa na sauti ile ya kazini, unaikumbuka, ile tuliyokuwa tukiiigiza tulipokuwa wadogo. Nilimwondolea rimoti taratibu, akaniangalia, akarudi, akaona haya. Ile haya ndiyo iliyonimaliza.

Jioni moja ukapiga, naye akakuuliza kwa heshima zote unataka kuunganishwa na idara gani. Ulicheka, ukadhani anatania. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nikaona uso wake hautanii hata kidogo. Nikapitisha mkono nyuma ya kompyuta yake nikachomoa waya. Baada ya muda ukanitumia ujumbe, mtandao tena? Nikakujibu, mtandao tena. Ilikuwa rahisi mno. Toka siku hiyo nimeuchomoa mara nyingi hata kile kiulimi cha plastiki kinachoubana kimevunjika, na sasa waya unashikiliwa na utepe. Jioni ambazo picha ilikatika vipande, hizo zilikuwa harusi za wifi yako. Jioni ambazo ilizimika ghafla, huo ulikuwa mkono wangu.

Usidhani niliamua peke yangu. Mama mwenyewe aliniita chumbani siku akili yake imetulia, akaniambia nifunge mlango. Alisema anajua kinachomtokea, asidanganywe na mtu. Akasema, "Nikipotea mbele yake, mwambie ni mtandao. Yule ataacha kazi aje akae hapa kunitazama, na mimi sitaki kutazamwa." Ningemjibu nini? Nikaitika. Wifi yako alipojua alinijia juu. Aliniambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba wewe ni mtoto wa Mama kama mimi, si mgeni wa kuchaguliwa cha kuona. Nilimwambia ni amri ya Mama. Alinijibu kwamba Mama anaamrisha kwa sababu anaogopa, na mimi natii kwa sababu naogopa, na kwamba katika nyumba nzima waoga ni sisi wawili.

Nilimpeleka kwa daktari nikikuambia nampeleka kupimwa macho. Daktari ni mwanamke mkimya, hana maneno mengi. Alisema ni ugonjwa wa ubongo, dawa zipo za kuupunguzia kasi, za kuurudisha nyuma hakuna. Nilimwambia nina ndugu yangu yuko mbali, mkataba wake unaisha mwakani, je, anaweza kungoja? Aliandika kitu, akaweka kalamu chini, akasema, "Mwakani mama yenu huenda akawepo. Kama atamjua, mimi siwezi kukuahidi."

Maneno hayo nimekuwa nayo kifuani muda wote niliokuwa natoboa ukuta. Utauliza basi kwa nini nilitoboa. Nimejiuliza na mimi. Nadhani nilitaka iwe kweli kwamba tatizo ni waya. Tatizo la waya lina jawabu, lina mtu mbali anayenielekeza sikioni, tena nawe ulikuwa unanipigia kila siku, jambo ambalo hukulifanya tangu uondoke. Nilipokuwa kwenye ngazi ile na vumbi puani nilikuwa na dada yangu na kazi inayokwisha. Kazi ya Mama haiishi. Asubuhi namwosha uso kabla sijaenda kubana meno ya watu, mchana wifi yako anaacha harusi nusu kwenda kumtafuta kwenye ngazi, jioni namlisha dawa anazozitema. Simlalamikii. Ila nimechoka, na kilichonichosha zaidi ni kuusingizia mtandao ambao kwa mikono yangu miwili nimeutengeneza ukatengenea.

Sasa kuna jambo jingine, na ukinikasirikia nitavumilia. Siku ile ya Jumapili dirisha nyuma ya Mama lilikuwa wazi. Pazia lilikuwa linapepea. Mvuke wa chai ulikuwa unapanda usoni pake, na mtoto mmoja alipita nyuma akaokota mpira. Mimi waya sikuugusa, nilikuwa mbali nao. Wewe ni mtu wa kazi hii ya mitandao. Picha iliyoganda unaijua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Uliliona lile pazia. Ukaita "Mama, Mama," sauti ikakutetemeka, ndipo ukasema imeganda na kukata. Sikulaumu hata chembe. Mimi nilichomoa kwa mkono, wewe ulichomoa kwa mdomo, na wote wawili tulifanya hivyo kwa sababu moja. Lakini tusiendelee, tafadhali. Nimekaa nikifikiria kwamba usiku ule ulilia peke yako huko na asubuhi ukanitumia maelekezo ya swichi ya chini, nami nikayasoma na kukujibu sawa.

Nisingevunja ahadi ya Mama kama mwenyewe asingenifungulia. Juzi aliamka mzima, akaniuliza habari za wanangu mmoja mmoja kwa majina yao ya utani, akaniambia shati langu halijapigwa pasi. Kisha akaniuliza kama unakuja. Nikamwambia unaangalia mambo ya likizo. Akanyamaza, nikaogopa ameshaondoka tena, kumbe alikuwa anafikiri. Akasema, "Ule uwongo wa mtandao uache. Mwambie aje. Mwili wangu upo, utamngoja, ila kichwa hakingoji mtu." Halafu akataka chai.

Kwa hiyo ripoti yangu ndiyo hiyo. Mwambie mwajiri wako unachukua likizo sasa. Swichi nyingine usinunue, wala usitume chochote. Siwezi kukuahidi kwamba utamkuta akiwa wa kukutambua siku utakayoingia. Zipo asubuhi anazoniita kwa jina langu na zipo jioni ambazo mimi ni mtu tu. Jana nilipokuwa namfunika miguu alinishika mkono, akanisifu kwamba nina adabu, akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikamwambia yu hai. Akasema, "Basi usimwache peke yake."

Plasta imeshakauka na mwenye meno amekaa hapo nje na leso mdomoni, niache nimhudumie. Wifi yako anakusalimu sana, na chumba chako ameshakifagia bila kuniuliza. Watoto wanakusalimu na wanataka kujua utawaletea nini, wasamehe. Jitunze, vaa nguo nzito, na ukipanda chombo cha kuja nijulishe nikupokee mimi mwenyewe.

Ni mimi kaka yako akupendaye,

Bwana Meno